Kijiko

Chumba kimo ndani ya jabali, ngazi sitini na mbili kushuka,
na mlango wake wa chuma hufungwa kwa bega.
Juu yetu kuna duka moja, kanisa jeupe,
vichanja vya kukaushia samaki, na watu wanaosema
mke wa Odd Myklebust anafanya kazi ya ofisi.
Naam. Ofisi.
Navaa hedifoni, nafumba macho,
na bahari nzima ya kaskazini inaniingia kichwani.

Miaka kumi na moja. Nimeshawajua majirani.
Feri ya alfajiri, rafadha yake ina panga moja lililopinda:
tu-tu-tu-ta, tu-tu-tu-ta,
kama kiguru anayewahi ibada.
Chewa madume wakiguna kutongoza.
Nyangumi, mbali mno, mlango wa ghala usiopakwa mafuta.
Na mvua! Mvua ukiisikilizia chini
ni sufuria ya mafuta moto iliyotiwa vitunguu.
Barafu ya hori ikipasuka mwezi wa pili,
hiyo sijapata cha kuifananisha nayo.

Nyambizi haisikiki hivyo.
Tafuteni tundu, walituambia wakufunzi.
Pale uduvi waliponyamaza bila sababu,
pale maji yanapokuwa kama ua lililofagiwa,
hapo pana chuma,
na ndani ya chuma pana watu
wanaotembea kwa soksi.

Usiku ule wa Jumanne, jua tumelisahau wiki ya saba,
tundu lilikuja hadi mdomo wa hori letu
likatuama.
Kalamu ya mashine ilichora mstari usio na habari.
Kapteni Aasgaard akaja, akautazama, akapiga miayo:
Hakuna kitu, Ragnfrid. Kanywe kahawa.
Sikio halipiti kichwa,
na kichwa kilikuwa yeye.
Nikabaki nimekaa.

Kisha: ting.

Basi, hivyo tu. Si spana; spana ina uzito.
Kijiko cha chai kiliteleza mezani,
kikagonga sakafu, kikaruka mara moja,
kikadakwa.
Nilisikia hata kudakwa kwake: mlio ulikatika
kama mtoto aliyezibwa mdomo.

Huko chini kuna kijana ameinama,
kijiko kimefichwa kiganjani, na wenzake wote wanamtazama.
Hakuna anayemkaripia. Kukaripia kuna sauti.
Anasikiliza kama amesikiwa.
Nami, ng'ambo ya maji meusi, nimezuia pumzi
nisije nikamwambia.

Eivind wangu ana miaka kumi na tisa.
Hajui kuweka kijiko kwenye beseni
bila kabati zima kuanguka.

Daftari linasema saa nane na dakika kumi na nane.
Niliandika mimi, kwa mkono usiotetemeka:
upande, umbali, aina ya sauti.
Kati ya ting na wino kuna dakika nne
ambazo sijamwambia kapteni, wala mchungaji,
wala Odd, ambaye huniuliza kwa nini nalala na redio.
Sikumwachilia. Msije mkadhani nilimwachilia.
Hii ni pwani yetu, na yeye hakubisha hodi.
Nilimpa dakika nne, kama mtu anayempa mgeni
kigoda kabla ya kumfukuza.

Kimya kingi kina mshindo.
Manowari zilikuja mbili, zikadondosha mabomu hadi saa tatu,
vyombo vikacheza kwenye makabati ya kijiji kizima.
Nilivua hedifoni kabla ya bomu la kwanza; ndiyo kanuni,
masikio yetu ni mali ya serikali.
Nilipozivaa tena hapakuwa na tundu,
hapakuwa na uduvi wala chewa,
feri tu, ikichechemea.

Aliondoka? Hawakutuambia. Hawatuambii.

Asubuhi, kama giza lile laweza kuitwa asubuhi,
watoto walishuka ufukweni na ndoo.
Samaki walikuwa wameelea tumbo juu, weupe,
wengi kuliko msimu wowote.
Odd alirudi na kapu limejaa, akicheka:
Serikali leo imetuvulia!

Tuliwala siku tatu.
Mchuzi niliwaachia wao.
Nilikula kwa uma.