Kiti cha Kreni

Nimemkalisha tena.
Hana jina, ana namba:
mwanamume wa wastani, mifupa ya mistari,
nyama ya kijivu isiyotoa jasho
hata feni ya karakana yetu Shimanzi inapogoma.
Namwambia inama, anainama.
Namwambia tazama chini, mita arobaini,
kontena linavyong'olewa tumboni mwa meli;
shingo inageuka njano, kisha nyekundu,
na pingili za kiuno zinawaka kama makaa.
Halalamiki.
Zamu ya saa nane anaimaliza
kabla chai yangu haijapoa.

Nikasogeza kiti sentimita nne.
Nikainua egemeo, nikalaza kioo cha sakafuni.
Nyekundu ikarudi njano, njano ikawa kijani.
Nikajipigia makofi.

Kisha akaja Mbeyu Mwambire,
mwaka wa tisa juu ya kreni za Kilindini,
kofia ngumu kwapani,
akakalia kile cha mbao nilichokigongomea misumari jana.
Miguu ikaning'inia.
"Huyu wako," akauliza, kidole kwenye skrini,
"kazaliwa wapi?"
Sijui. Nilimnunua akiwa mtu mzima.

Nikaazima utepe wa fundi cherehani.
Goti hadi kisigino. Kiti hadi jicho.
Kiganja (akacheka, nikaandika).
Yule wa kijivu nikampunguza, nikampa nyonga,
nikamfupisha mapaja mpaka wakalingana,
na kijani chote kikaungua.

Siku kumi na moja, basi, tukaanza upya:
pedali juu, usukani karibu,
mto wa kiuno usiomsukuma mtu kama mdeni.
Mbeyu akakaa. Akanyamaza. Akakaa tena.
"Hapa mgongo umeshukuru," akasema.
"Sasa niambie, huyu wako hukojoa wapi?"

Nikadhani mzaha.
"Tangu alfajiri mimi sinywi maji.
Lifti mbovu, ngazi ndefu, meli haingoji.
Husemwa aliye juu mngoje chini;
mimi, kinachoningoja chini ni choo."

Nikapekua programu nzima:
mkunjo wa kiwiko, uzito wa kichwa, pembe ya jicho.
Kiu haimo.

Ripoti nimeipeleka bandarini na michoro yote.
Ukurasa wa mwisho hauna mchoro,
una swali lake, nilivyolisikia.

Na yule bado yuko kwenye skrini, kijani mwili mzima,
ameketi vizuri mno,
mdomo hana.