Sababu ya Upungufu

Mimi ni mtunza vielelezo. Funguo tatu,
daftari la mistari, mizani iliyopinda sahani.
Gunia lilipoletwa kutoka mteremko wa Meru mwezi Machi
likiwa bado na umande, niliandika: kilo arobaini na moja.
Julai, Arusha imejifunika ukungu hadi saa tano,
nikapima tena: thelathini na tatu na nusu.
Mkaguzi akanitazama mikono, kisha mifuko.
Mzee, nikamwambia, jani linakauka.
Sheria haikauki, akasema.
Tukaishia hapo.

Mwenye gunia yuko Kisongo, amefungwa.
Mkewe, Ndewario Akyoo, hakukata rufaa ya mumewe.
Alileta shauri jingine kabisa:
kwamba neno moja katika Jedwali limekaa pasipo pake.

Nilipanda ghorofani kusikiliza. Majaji watatu,
feni isiyozunguka, na mama mmoja wa Kimeru
na chupa yake ya chai chini ya kiti.
Wakili wake, kijana Nnko, koti la kuazima,
alisema: Waheshimiwa, bangi imekalishwa benchi moja
na heroini na kokeini. Nani aliwapanga?
Nasi tuliosoma shule za watoto themanini darasani tunajua,
mmoja akipiga kelele, benchi zima huchapwa.

Mtu akacheka nyuma. Jaji wa kushoto akaandika kitu kirefu.

Ndewario hakuomba watu waachiwe wavute.
Katika kiapo chake, aya ya saba, alisema
mwanawe Elisaria alianguka mara kumi na nne kwa siku,
mara moja karibu na jiko, mkono ukaungua.
Alisema alichemsha majani kwenye mafuta ya alizeti.
*Sisemi ni dawa. Nasema mtoto alilala.*
Aliomba walao pawepo mtu wa kuruhusiwa kuchunguza,
maana neno likishafungiwa humo, hata daktari huliogopa.

Wakili wa Serikali alisimama taratibu.
Dada mpole, sauti ya mtu anayepima kitambaa.
Kabla hatujaingia ndani, alisema, mlango una hitilafu.
Pingamizi la awali: uthibitisho wa kiapo
hautenganishi, katika aya ya saba,
lipi mleta maombi analijua mwenyewe
na lipi aliambiwa.

Ndewario akasimama bila kuitwa.
Kifafa cha mwanangu,
nani angeniambia?

Kaa chini, mama.

Akakaa. Chupa ya chai ikaanguka, ikabingirika
mpaka miguuni kwa karani, na hakuna aliyeiokota.

Wiki tatu baadaye ulisomwa uamuzi wa kurasa mbili.
Bangi haikutajwa ila kwenye kichwa cha shauri.
Shauri linaondolewa. Kila upande ubebe gharama zake.
Akabeba zake: mtoto wa miaka sita mgongoni,
miguu ikimning'inia hadi magotini mwa mama,
wakateremka ngazi, wakapita chini ya mijakaranda
iliyokuwa bado haijaamua kuchanua.

Kumbe hakuondoka. Alizunguka nyuma, akaja dirishani kwangu.
Lile gunia, lina kilo ngapi sasa?
Nisingejibu. Nikajibu: ishirini na tisa.
Lilikamatwa arobaini na moja.
Naam.
Na miaka ya mume wangu, nayo inapungua?

Hukumu yake ilipimwa ingali mbichi. Sikulisema hilo.
Nilimwambia masjala hufungwa saa tisa,
na kwamba karatasi ya kiapo kipya
huuzwa duka lile lenye mlango wa bluu.

Katika daftari langu kuna safu ya mwisho,
*Sababu ya upungufu*. Jioni ile niliandika: Muda.
Mkaguzi alipopita alilikata kwa wino mwekundu,
akaandika juu yake, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu:
Haijulikani.