Nakala ya Mkono

Chumba kimoja tu, Nyawera, chini ya barabara,
ukishuka ngazi tatu zenye utelezi wa mvua.
Mashine mbili: moja nzima, moja ina kikohozi,
na kiti cha plastiki kilichofungwa mguu kwa waya.
Saa tisa natoka shule, saa tisa na nusu nimekikalia,
sare yangu nimeificha ndani ya koti,
maana Patroni Cirhuza alisema
wateja hawaamini mashine iliyo mikononi mwa mtoto.

Dola thelathini kwa mwezi. Alisema kwa mdomo,
mdomo wenye jino la dhahabu, nami nikauamini
kama mtu anavyoamini kitu kinachong'aa.
Nyumbani nilikwisha kuzigawa kabla sijazishika:
kumi za karo ya Murhula, tano za makaa,
viatu vya mama, na zilizobaki,
zilizobaki nilizificha hata mawazoni, nisije nikaombwa.

Mwisho wa mwezi akafungua daftari.
Karatasi zilizokwama: zako.
Umeme ulipokatika, siku tisa: hukufanya kazi, ulikaa.
(Nilikaa kweli, gizani, nikilinda mashine zake.)
Wino uliomwagika. Sabuni ya kunawa wino uliomwagika.
Chenji iliyopungua Jumanne, nami Jumanne niliugua.
Haba na haba, kibaba kikakauka.
Akanihesabia kumi na moja,
na ndani yake noti ya tano iliyochanika pembeni,
upana wa ukucha wa mtoto.

Bukavu mnaijua:
franga ioze, inuke samaki, itapokelewa;
dola ikichanika unywele, imekufa.
Niliizungusha Nyawera, nikapanda nayo Kadutu.
Wabadilisha fedha waliiinua juani, wakanirudishia
kwa vidole viwili, kama mtu ashikavyo panya.

Mwezi wa pili nilijifunza
kuipuliza karatasi kama uji, ili isikwame.
Nikajua vyeti vya watu: nani kazaliwa Walungu,
nani alifeli hesabu, nani ana shahada mbili na bado anaandika
«naomba kwa heshima zote», nakala ishirini.
Barua za kuomba kazi zilipita mikononi mwangu
kama Ruzizi inavyopita chini ya daraja.
Daraja halinywi.

Jumatatu moja nikashuka ngazi, nikakuta
kitini pangu msichana mwenye kucha ndefu,
naye akaniuliza: «Nakala ngapi?»
Ngapi!
Nilisimama kama mteja, nikitafuta jibu.
Patroni hakuinua macho kwenye simu.
«Wewe Nshokano, si nilikutumia ujumbe?»
Simu yangu ilizimika tangu Jumamosi, kwa umeme
ule ule aliokwisha kunikata.
«Na siku zangu kumi na tatu?»
«Siku gani? Una karatasi?»

Una karatasi.
Nikacheka, nikaona aibu ya kucheka, nikapanda ngazi.
Matusi mazuri yalinijia nimeshalipita soko.

Lakini karatasi ninayo.
Siku ya kwanza, kuijaribu mashine, niliweka kiganja kwenye kioo,
mwanga ukapita chini yake, wa kijani, vuguvugu,
ukatoka mkono mweusi juu ya weupe:
mistari yote, kovu la kisu cha muhogo,
hata uchafu wa kucha.
Patroni aliuona. Akaandika: «moja, imeharibika»,
akanikata franga mia.

Basi ni yangu, nimeinunua.
Nimeibandika ukutani, juu ya kitanda cha Murhula.
Jioni huweka kiganja chake hapo, kujipima.
Vidole vyake bado havijafika.
Namwambia asiharakishe.