Tundu Moja

Ndani ya suruali ya mgeni wa chumba mia tatu na sita
nilikuta waya umejikunja kama mjusi wa asubuhi,
umeshafuliwa, umesuuzwa,
umekaushwa kwa moto wa kukaushia mataulo,
na masikio yake mawili meupe pepepe.

Nikaandika daftarini: visikilizio vya waya, jozi moja.
Vikakaa kabatini siku tisini
pamoja na meno ya bandia na kiatu kimoja cha mtoto.
Hakuna aliyeviulizia.
Siku ya tisini na moja msimamizi akanitupia:
"Chukua, Mghoi. Wewe ndiye uliyeviosha."

Usiku huo, chumbani kwetu Saada,
nikaigeuza simu, nikaigeuza tena.
Laini pande zote, kama sabuni.
Nikaipapasa kama mtu anayetafuta kitasa
gizani, kwenye nyumba ya watu.
Tundu moja tu, chini, la chaji,
jembamba kama mdomo wa aliyenuna.

Wakesho, kitanda cha juu, alicheka hadi akapaliwa.
"Simu kubwa hivyo, haina sikio!"
(Yeye ana vile visivyo na waya.
Kimoja kilimezwa na mashuka ya ghorofa ya pili.
Anasikia dunia upande wa kulia tu.)

Kwa Biju, duka la ubavuni mwa kinyozi,
kiunganishi cha kwanza, baisa mia tano: bubu.
Kiliingia, kikakaza,
kikanyamaza kama shahidi aliyehongwa.
"Huo ni waya mtupu," akasema Biju, "hauna akili.
Wenye akili ni riali mbili na nusu."
Riali mbili na nusu ni unga wa Wundanyi wa siku ngapi?
Sikumaliza hesabu. Nilinunua akili.

Basi mashine kumi na mbili zikaunguruma,
na katikati yake mama akakohoa
ndani kabisa ya kichwa changu,
na mbwa wa jirani akabweka humo humo,
na mama akaanza kesi ya mpaka wa shamba.

Ila tundu ni moja.
Simu ikila haisemi, ikisema haili.
Asilimia tisa: mama anamtaja kila aliyehudhuria.
Asilimia sita: nani alikuja na nani, amevaa nini.
Asilimia mbili: "Sasa, tulipofika pale mpakani—"
Giza.

Kesho yake, mimi ninayepekua mifuko ya hoteli nzima
sikupekua wa aproni yangu.
Kikulacho ki nguoni mwako, walisema.
Hawakusema kifaacho nacho kimo humo humo,
na maji ya digrii sitini hayachagui.
Waya uliwahi kufuliwa ukapona.
Akili haikupona.

Mshahara bado siku kumi na moja.
Asubuhi basi la hoteli linapasua ukungu wa kharifu,
ngamia wamesimama barabarani, wamelowa, hawana haraka.
Nimevaa visikilizio vyangu,
ncha yake imo mfukoni, haijashika kitu
ila uzi uliofumuka.
Watu wakiuona waya hukuacha na yako.

Wakesho ananigusa bega.
"Unasikiliza nini?"

"Shh," namwambia.
"Wanakaribia mpakani."