Viini vya Zamani

Newala, alfajiri, umeme umerudi.
Kompyuta ya ghala inauliza swali lake la kila siku:
niamke na kiini kipi?
Viini tisa vimepanga mstari kwenye kioo cheusi,
namba tupu, kama magunia yasiyoandikwa majina ya wakulima.

Kila kipya kilipokuja, cha zamani hakikuaga.
Kikabaki mlangoni, kimekunja mikono.
Sasa chumba cha kuwashia kimejaa;
mgeni wa jana alibisha, akakosa pa kukanyaga.

Somoe Nampunju, aliyekalia kiti hiki kabla yangu,
alikuwa akisema: usikate tawi ulilolikalia.
Basi naiuliza kwanza mashine, leo umeamka na kipi?
Inajibu. Hicho sikigusi.

Vingine naviita kwa jina kamili, kimoja kimoja,
kama wabanguaji wa korosho: ganda huku, punje huku,
vidole vikiogopa utomvu.
Cha msimu wa bei iliyotutoa machozi. Futa.
Cha mwaka ule salfa ilipochelewa. Futa.
Kimoja kinagoma.
Kumbe nimeruka nukta.

Kimesalia kimoja cha kale, alichokiweka Somoe.
Ndicho kilichoamka usiku wa radi
kipya kilipozimia, na foleni ya magunia imefika barabarani.
Kidole kiko juu ya kitufe.
Kinashuka pembeni.
Nakiacha hapo, mstari wa pili.

Nawasha upya:
mistari miwili, na chini yake weusi mtupu, msafi.
Dirishani Chitanda, na gunia lake la kwanza begani,
anauliza mbona leo mmewahi.