Liachwe Lilivyo

Barua ya kamati ilipenyezwa chini ya geti
Jumanne asubuhi, imekunjwa mara tatu,
muhuri wa zambarau umelalia upande.
*Mkaazi wa nyumba nambari 48,
geti lako si jeusi. Ua wako haujafyekwa.
Unaombwa ufanane na wenzako kabla mwezi kuisha.*
Kabla *ya* mwezi. Nikaichomeka ile "ya" kwa kishale chekundu.
Mkono haujasahau.

Miaka thelathini na mmoja kwa mpiga chapa wa serikali,
chumba kisicho na dirisha, wino na chai ya maziwa,
nikiwinda koma iliyopotoka,
nikiyapanga maneno yasimame kama wanafunzi mstarini.
Matangazo ya ardhi, sheria, majina ya waliokufa bila wosia,
yote yalipita chini ya rula yangu.
Nilikuwa hodari. Hodari mno.
Hata nyumbani niliwanyoosha wanangu,
nikamnyoosha mume wangu
mpaka akanyoosha njia akaenda zake.

Nilipostaafu walinipa saa ya ukutani na blanketi.
Mvua za Machi zikaja.
Mnavu sikuupanda, ulijiotea
kwenye ufa wa saruji, pale ninapomwaga maji ya kufulia.
Kisha mgagani. Kisha kitu cha maua ya njano
nisichokijua jina, na nimeapa sitakiulizia.
Nikapindua ndoo, nikakaa, nikatazama.
Haukuomba kibali. Haukutia sahihi mahali.
Nami nikajiuliza ni lini mara ya mwisho
nilisema sentensi ambayo haijapitishwa na mtu.

Geti nikalipaka rangi ya boga.
Si ukaidi. Nilitaka tu kujua,
katika umri wa miaka sitini na mmoja,
ni rangi gani ninayoipenda mimi.

Odindo, katibu, akaja mwenyewe na daftari kwapani.
"Bi Khavere, mkono mmoja hauchinji ng'ombe."
"Odindo, mimi sina ng'ombe wa kuchinja."
Akacheka, akaikumbuka kazi yake, akaacha kucheka.
"Leo mnavu, kesho nyoka.
Tukimwachia kila mtu moyo wake, Buruburu itakuwa ya nani?"
Swali hilo sikulifuta.
Bado liko, limesimama mlangoni na viatu vyake.

Kwa maana palikuwa na Musyimi,
nyumba nambari 53, mwaka ule wa mgao wa maji,
aliyefuga nyuki juu ya paa.
Waliniuma mara moja, na kosa lilikuwa langu.
Karatasi ya kumfukuza ikapita mlango kwa mlango,
majina kumi na sita yameshatangulia.
Nikatia la kumi na saba,
na kabla sijaikabidhi nikasahihisha tahajia:
walikuwa wameliandika vibaya jina lake.

Alihama na mizinga juu ya mkokoteni,
ameifunika kwa shuka la kitanda,
akitangulia polepole kana kwamba kuna mgonjwa ndani.
Sikuwachukia nyuki.
Niliogopa ule mstari mtupu
ambapo jina langu lingekosekana.

Katika kazi yetu kulikuwa na alama ndogo.
Ukilifuta neno kisha ukajuta,
unatia vitone chini yake, safu ya vitone,
na pembeni unaandika: *liachwe lilivyo*.
Nadhani niliitumia mara nne, miaka yote ile.

Faini ni elfu mbili. Nitalipa, au sitalipa,
sijaamua, na mwamuzi ni mimi.
Barua nimemrudishia Odindo, makosa saba.
Sasa mawingu yameshuka upande wa Dandora,
nami niko juu ya ndoo yangu, sijaingia ndani.
Tone la kwanza linaanguka kwenye vumbi chini ya mnavu,
la pili ubavuni pake,
kitone, kitone,
kitone.