Nusu Tangi

Miaka kumi na tisa Pijo hii haikuvuja.
Nilijisifu kwa hilo kilabuni, hata nje ya kanisa baada ya misa:
chuma cha zamani, bwana, si mabati haya ya siku hizi.
Sikujua ninachojisifia.

Maana miaka yote hiyo nilitia mafuta ya elfu kumi,
ya elfu saba, ya chupa moja pale Kiboriloni
iliponizimikia na mikungu ya ndizi mgongoni.
Mshale wa geji ulizoea kulala chini
kama mbuzi wa kamba fupi, ukila hapo hapo.

Kisha mwaka huu kahawa ikalipa.
Nikasimama kituoni, nikatamka neno
ambalo kinywa changu hakijawahi kulitamka: Jaza.
Binti wa pampu alinitazama mara mbili.
Mshale ukapanda, ukapita nusu, ukaingia
upande wa geji niliodhani ni pambo.

Tukipanda Kibosho, Evodia akanusa.
"Melkiori, umemwaga nini?"
Nikasema ni lori lililotutangulia.
Hapakuwa na lori.
Nyuma yetu lami ilichorwa mstari mwembamba, mbichi,
tangu darajani hadi mlangoni kwetu,
kahawa yangu yote ikirudi mjini kwa matone.

Fundi Elinisafi wa Pasua hakugusa spana kwanza.
Alimwomba mama wa chapati ahamishe jiko lake,
akachomoa waya wa betri, akaweka ndoo ya mchanga
pale mafundi wengine wanapoweka redio.
Akafyonza mafuta kwa mpira hadi kwenye madumu,
akatema, akasukutua, akatema tena:
"Mzee, tangi lako lina ladha ya kutu."

Akalala chali, akaingia chini.
Nikabaki na viatu vyake na sauti.
"Ni huu wa juu, wa kupumulia.
Umekufa zamani, kijana wangu hajazaliwa."
Akanipa kipande. Nilipokikunja kikavunjika
kama andazi la juzi. Nyufa zake
nilizitambua: kisigino changu.

"Uko juu ya nusu, huu. Ukitia kidogo
mafuta hayaufikii. Ukijaza, hasa mlimani,
ndipo unapokea zamu, na zamu yenyewe haiwezi."

Nilikaa juu ya dumu.
Kumbe tundu lilikuwepo siku zote,
na ufukara ulilikalia tu, kwa heshima,
kama mwenye nyumba anavyokalia tundu la kochi
mgeni asilione.

Duka la spea la Mbuyuni waliniuzia mpira mweupe,
laini, wa kupendeza, wa bei ya huruma.
Elinisafi hata hakuupokea.
"Huo wa bustani. Petroli itautafuna kama muwa
kabla ya Krismasi."
Nikarudi. Mweusi, mzito, wenye nyuzi ndani yake,
kwa bei ya debe la maharage.
Na klipu mpya sita, maana zile kuukuu
zilikuwa zimeuma hadi mfupa.

Jioni akarudisha mafuta, akapiga jeki mbele,
akainua pua ya Pijo juu, juu,
mpaka ikadhani iko Kibosho.
Akatandaza gazeti chini ya tangi.
Tukangoja. Mama wa chapati naye akangoja,
mikono imejaa unga, jiko lake bado uhamishoni.

Gazeti likabaki kavu.
"Sasa jaza upendavyo," akasema fundi.
Nikalipa. Zilizobaki
nikaenda kuzihesabia nyuma ya karakana.

Wiki mbili baadaye, mshale umerudi kwenye kamba yake,
nikasimama kituoni. Binti yule akanikumbuka,
akacheka, bomba tayari mkononi: "Tujaze?"
Evodia akatazama nje ya dirisha.

Ya elfu kumi, nikasema.
Nyuma yangu, juu ya nusu, mpira mpya,
mkavu, umebanwa sawasawa,
ukingoja zamu.